Vikombe 11 vya chai

Wale mliosikiliza kipindi cha juzi mnakumbuka tuliishia kwenye lile swali: biashara za wazee wetu hapa London zinakufa kwa sababu gani? Mmoja akasema kodi ya pango. Mwengine akasema watoto hawataki kukaa dukani. Mimi nilinyamaza, na wanaonijua wanajua nikinyamaza kuna jambo.

Jambo lenyewe ni hili. Ami amenipa ruhusa ya kuliandika kwa sharti nisitaje jina la duka wala la mtaa. "Sema Edgware Road tu," akaniambia. "Edgware Road ndefu, hawatanipata."

Ni ndefu kweli, na imenyooka kama rula, kwa sababu Warumi ndo walioipiga mstari. Ukishuka Marble Arch ukapanda kuelekea juu unapita mabango ya Kiarabu, mikahawa ya Walebanoni, maduka ya dawa, maduka ya simu, na yale maduka ya kutuma pesa yenye bei za sarafu zinazowaka dirishani. Ukikaribia upande wa soko la Church Street, ingia mtaa wa pembeni. Hapo kuna kiduka cha meza 6. Chai ya maziwa, maandazi, sambusa na kachori kila siku, biriani Ijumaa, urojo Jumamosi. Ami amekaa hapo miaka 14.

Mwezi wa tatu ilikuja barua. Kurasa 4. Mkataba unakwisha, mwenye jengo yuko tayari kumpa mwengine wa miaka 5, ila kodi itoke pauni 1,600 kwa mwezi ifike 2,000. Ami akaiweka nyuma ya picha ya Forodhani iliyopo ukutani, akaiacha huko wiki 2. Halafu akanipigia simu.

"Njoo Jumapili tukishafunga. Njoo na hizo karatasi zako za chuo."

Sasa mnajua mimi nilisoma biashara. Kazini kwangu nakaa siku nzima natengeneza bajeti za watu nisiowajua. Lakini meza ya Ami, ambayo nimekula juu yake tangu sijui kusoma, sikuwahi kuifungulia daftari hata siku moja. Hakuna aliyeniomba, na mimi nikaona kujitolea ni utovu wa adabu. Mtoto atamwulizaje mzee wake, "Pesa zinakwenda wapi?"

Basi Jumapili nikapanda 98, nikafika, shikamoo, marahaba, chai. Mama Mdogo anafuta meza. Binamu yangu anabeba viti. Kwenye meza ya dirishani alikuwepo mzee mmoja wa Dodoma ambaye duka likifungwa yeye huwa bado hajamaliza kikombe. Hakuna anayemfukuza.

Nikaanza na somo la kwanza, lile wanalofundisha wiki ya kwanza. Kazi za msimamizi ni 4: kupanga, kuandaa, kuongoza na kudhibiti. Kupanga ni kuamua unataka kufika wapi na kwa njia ipi. Kuandaa ni kugawa watu, pesa na vitu ili njia hiyo ipitike. Kuongoza ni kuwafanya watu watake kwenda huko. Kudhibiti ni kupima kama kweli mnakwenda, na kurekebisha mkipotea. Nikamwambia Ami kuwa orodha hii ilitokana na Mfaransa mmoja, Henri Fayol, aliyeandika kitabu mwaka 1916. Yeye alizitaja 5, waliokuja baada yake wakazikunja zikawa 4.

"Huyu Mfaransa alikuwa na duka?"

"Alikuwa mhandisi wa migodi, Ami. Aliongoza kampuni ya makaa ya mawe na chuma miaka mingi."

"Basi hasara anaijua. Endelea."

Nikamwuliza: "Ami, lengo la duka ni nini?"

Akanitazama kama nimemwuliza lengo la kupumua. "Lengo? Lengo tusifunge."

Jamani, hiyo ni dua. Dua njema, na mimi naiitikia amina, lakini huwezi kuamka Jumatatu asubuhi ukajua ufanye nini ili "usifunge". Lengo linataka idadi na tarehe. Kwa hiyo tukachukua ile barua, tukaigeuza lugha. Ongezeko ni pauni 400 kwa mwezi. Duka linafunguliwa siku 26. Hiyo ni pauni 15 na peni 38 kila siku. Chai moja Ami anauza pauni 2, na ukitoa maziwa, majani, sukari, gesi na kikombe, inabaki pauni 1 na nusu. Gawanya. Inakuja vikombe 10 na kidogo, na kwa kuwa hakuna anayenunua kidogo cha kikombe, sema 11.

Kumbe barua ya kurasa 4 ilikuwa inasema neno moja tu: uza vikombe 11 zaidi kila siku, kwa miaka 5.

Ami alikaa kimya. Akahesabu meza zake kwa macho. "Hilo sasa nimelielewa," akasema.

Hapo mimi nikavimba kichwa. Nikafungua kompyuta, nikatengeneza jedwali zuri lenye rangi. Mauzo yapande kwa asilimia 25 kufikia Desemba. Kila mwezi na namba yake. Yule Mmarekani George Doran, aliyetoa mwaka 1981 ile orodha ya sifa 5 za lengo zuri, lengo mahususi, linalopimika, lenye mwenyewe, linalowezekana na lenye muda, angenipigia makofi.

Mzee wa Dodoma akainuka na fimbo yake, akaja kutazama kioo. Akatazama sana. Akasema: "Hizi karanga za Kongwa."

Mimi sikujua. Na nyinyi mliozaliwa huku kama mimi nadhani wengi hamjui, kwa hiyo kaeni niwasimulie, maana baadaye nilikwenda kuisoma yote.

Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kupikia. Mwaka 1946 likazaliwa wazo London: tulime karanga Tanganyika. Wakatumwa wataalamu, wakazunguka kama wiki 9, wakarudi na mpango. Na mpango ulikuwa na namba kila mahali! Zaidi ya ekari milioni 3, zigawanywe mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja, miaka 6, pauni milioni 25 hivi. Mwaka wa kwanza pekee zisafishwe ekari 150,000. Wakaanzia Kongwa, kwa Wagogo.

Sasa mwulize Mgogo yeyote kuhusu ardhi ya Kongwa. Mvua zake hazina ahadi. Udongo wake ukikauka unakuwa tofali, na karanga, si unajua, zinazaa chini. Vichaka vyake vina mizizi iliyovunja matrekta. Vifaru vya vita vikageuzwa kuwa mashine za kung'oa visiki, na bado. Kufikia mwisho wa mwaka 1947, mahali pa ekari 150,000, zilikuwa zimepandwa kama 7,500. Mradi ukaachwa Januari 1951, na karibu pauni milioni 36 za walipa kodi wa Uingereza zikawa zimezama.

Nikirudi kwenye zile sifa 5 za lengo, karanga za Kongwa zilikuwa na idadi, zilikuwa na kipimo, zilikuwa na tarehe. Ila aliyeweka namba hakuwa ameuliza udongo. Na zilipoanza kuja habari mbaya kutoka shambani, mashine ziliendelea kupelekwa. Mzee alinimaliza kwa sentensi moja: "Wewe mwanangu, umeandika asilimia 25. Umeuza chai hapa siku ngapi?"

Hata moja.

Basi tukafunga kompyuta. Tukakubaliana kabla ya lengo lolote tuujue udongo wetu. Wiki 4. Daftari la mistari, la pauni 1, likae kando ya birika. Kila kinachouzwa kiandikwe, kila kinachotoka kwenye droo kiandikwe, awe nani. Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari, na Ami mwenyewe msemo huo alikuwa akinisomea nikiwa mdogo. Ni vile tu alikuwa hajautumia.

Wiki 4 zikapita. Daftari lilituonyesha mambo 2, na sote hatukuyategemea.

La kwanza. Ami siku zote aliamini biriani ya Ijumaa ndo inalibeba duka, kwa sababu Ijumaa watu wanajaa hadi mlangoni. Tukapiga hesabu. Sahani 40 kwa pauni 9. Toa nyama, toa mchele, toa gesi, toa kijana wa kusaidia tangu alfajiri. Inabaki kama pauni 70. Siyo mbaya. Lakini kulikuwa na pesa nyengine iliyokuwa haiandikwi kabisa: oda za shughuli. Sambusa 200 za hitma, kachori na bajia za akika, maandazi ya maulidi. Mama Mdogo ndo alikuwa akizipokea kwenye WhatsApp, anazipika usiku, na pesa zinaingia mkobani mwake kwa sababu zilihesabiwa "za nyumbani". Katika wiki 4 zilikuwa oda 7. Baada ya gharama zote zilibakisha pauni 640. Yaani 160 kwa wiki. Zaidi ya mara 2 ya biriani!

Mama Mdogo mwenyewe alishtuka. Miaka yote alikuwa akijiona anasaidia pembeni, kumbe ndiye aliyekuwa amesimamisha nguzo.

Nikakumbuka M-Pesa hapo. Tunaitumia sote kutuma pesa Kenya na Tanzania, lakini mpango wa mwanzo haukuwa huo. Vodafone ya hapa Uingereza, pamoja na mfuko wa serikali ya Uingereza uliotoa karibu pauni milioni 1, walitaka kurahisisha jambo moja: watu waliokopa mikopo midogo walipe marejesho kwa simu. Majaribio yakaanza Kenya Oktoba 2005 na wateja wasiofika 500 wa Faulu, Nairobi na Thika. Waliokuwa wakisimamia wakakaa wakaangalia watu wanafanya nini hasa. Wakaona mtu anamlipia mwenzake mkopo. Mwengine anamtumia salio mkewe kijijini. Mwengine anaweka pesa kwenye simu akisafiri, anazitoa akifika, asiibiwe njiani. Wangeweza kusema watu wanatumia vibaya. Badala yake wakabadilisha lengo, na ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, neno kuu lilikuwa kutuma pesa nyumbani. Mikopo ikawekwa kando.

Kongwa walikuwa na mpango mkubwa na wakaubembeleza. Hawa walikuwa na mpango mdogo na wakausikiliza. Tofauti yote iko kwenye ile kazi ya 4, kudhibiti, ambayo sisi tunaidhani ni kumvizia mwizi.

Na hapa ndo linakuja jambo la pili la daftari, ambalo nimelifikiria sana kabla ya kuliandika.

Kila wiki droo ilikuwa inapungua pauni 60. Haipungui 55, haipungui 65. Na kila mara ni Alhamisi. Mama Mdogo alishanivuta pembeni wiki ya 2, akaninong'oneza kuhusu binamu yangu, maana Alhamisi ndo yeye anafunga duka. Sitaki kuwaficha: na mimi nilishaanza kumtazama kwa jicho la upande. Kijana nimekua naye, nimelala naye kitanda kimoja kwa Bibi, na kwa pauni 60 nilikuwa tayari nimeshamhukumu.

Jumapili ya 4 tukakaa tena. Nikasoma daftari kwa sauti. Nilipofika Alhamisi, Ami akaweka kikombe chini.

"Ni mimi," akasema.

Kila Alhamisi baada ya magharibi alikuwa anakwenda duka la kutuma pesa pale barabarani. Pauni 60, Unguja. Ada, nauli na chakula cha watoto 2 wa marehemu shangazi yangu. Miaka 3 sasa. Hakusema kwa sababu duka lilikuwa na shida, na aliona akisema tutamwambia aache. Kwa hiyo akawa anachukua kimya kimya pesa za duka lake mwenyewe, kama mwizi.

Pauni 60 kwa wiki ni pauni 3,120 kwa mwaka. Ni zaidi ya kodi ya mwezi mzima na nusu. Kwenye karatasi za chuo ningeambiwa hapo ndo pa kukata. Lakini Ami hakuweka duka pale ili awe na duka. Lengo lake, lile nililomwuliza Jumapili ya kwanza akashindwa kulijibu, lilikuwa limekaa kwenye droo kila Alhamisi.

Mama Mdogo alilia kidogo. Halafu akamwambia binamu yangu maneno ya kumtaka radhi bila kutaja kosa, vile mama zetu wanavyojua: akampakulia. Mimi nilimwomba msamaha kwa mdomo, akaniuliza wa nini, nikamwambia utakuja kuusoma. Basi ndo huu.

Mwaka 1954 Peter Drucker aliandika kuhusu kusimamia kwa malengo, na watu wengi wanaishia hapo. Yeye aliendelea: kwa malengo na kujidhibiti. Maana yake kipimo kiwe mkononi mwa anayefanya kazi, ajione mwenyewe, asisubiri kukamatwa na mkubwa. Daftari la kando ya birika ndo hilo. Linaandikwa na wote, linasomwa mbele ya wote, na halimdhalilishi mtu. Si jambo geni kwetu. Kwenye upatu, mama zetu wanajua nani anatoa lini, nani anapokea lini, na asiyetoa anajulikana siku hiyo hiyo. Hakuna anayesema ni kukosa adabu. Tunaogopa tu kuufanyia duka kile tunachokifanya kwenye upatu.

Basi mpango wetu ukawa hivi. Mstari wa kwanza wa bajeti, juu ya kodi, juu ya maziwa: Nyumbani, pauni 60 kwa wiki. Haifichwi tena. Oda za shughuli ziingie kwenye daftari la duka na Mama Mdogo alipwe kwa kazi yake. Binamu yangu apokee simu za oda na kupeleka. Biriani ibaki, kwa sababu Ijumaa ndo inayowaleta watu wanaokuja kuagiza shughuli. Na lengo: kutoka oda 7 kwa mwezi hadi 12, kufikia mwisho wa Desemba. Kila oda inabakisha kama pauni 90, kwa hiyo 5 za ziada zinafunika ile 400 na kidogo kinabaki. Hatukuhitaji vikombe 11. Meza 6 zisingeviweza hata hivyo.

Kuhusu mkataba. Hapa Uingereza na Wales kuna sheria ya mwaka 1954 inayompa mpangaji wa biashara haki ya kuomba mkataba mpya ule wa zamani ukiisha, isipokuwa kama mwanzoni alisaini kuikana haki hiyo. Chimbueni karatasi za wazee wenu mwangalie. Ami hakuwa ameikana, kwa hiyo tulikuwa na pa kusimama. Tukaomba kifungu cha kuweza kutoka baada ya miaka 2. Maana majirani wanakumbuka: sheria ya kupiga marufuku moshi ndani ilipita mwaka 2006, ikaanza 1 Julai 2007, na shisha zote za barabara hii zikabidi zitoke nje, kwenye viti vya kando ya njia. Huwezi kuapa kwa miaka 5 kwamba dunia haitabadilika. Kifungu tukapewa. Kodi haikupungua hata peni.

Ami akasaini.

Kama na nyinyi mna Ami wenu na meza zake 6, ushauri wangu ni mfupi. Igeuze barua iwe vikombe. Andikeni wiki 4 kabla hamjaweka lengo. Someni daftari wote pamoja, mzee akiwepo na watoto wakiwepo. Mauzo yakikua, kumbukeni yakivuka pauni 90,000 ndani ya miezi 12 mnalazimika kujiandikisha kwa VAT, kwa hiyo ipangeni bei mapema, msije mkashtukizwa. Na kabla ya kumshuku mtu, mpeni nafasi ya kusema.

Mwezi wa kwanza tulipata oda 9. Kati ya 12, tumepungukiwa 3. Ami alikasirika sana, akatembea huku na huku kama timu yake imefungwa. Mimi nilifurahi, nikaficha kicheko kwenye kikombe. Miaka 14, na ilikuwa mara yake ya kwanza kujua amepungukiwa na nini.

Kipindi kijacho tutakuwa na binamu yangu kwenye maikrofoni. Anasema ana ya kwake ya kusema. Tuandikieni: kwenu daftari anashika nani, na ni swali gani mnaogopa kumwuliza?